Kikohozi Mlangoni

Jumatano, tarehe 17 Aprili 2086. Mvua ilikuwa ikinyesha tangu alfajiri, na ukungu ulikuwa umeshuka kutoka mlima Rungwe ukafunika migomba, mabati na mnara wa kanisa, hata mtu aliyesimama langoni pa Hospitali ya Itekelo asingeweza kuuona mlango wa wodi.

Dk. Asajile Mwakibete alikuwa amepiga magoti kando ya meza yake, akisali sala yake fupi ya kila asubuhi: "Bwana, mikono hii ni yako. Usiiache ifanye kazi peke yake." Kabla hajafika kwenye amina, Sista Subilaga alifungua mlango bila kubisha. Katika miaka yote waliyofanya kazi pamoja hakuwahi kufanya hivyo.

"Daktari, samahani. Kuna mgonjwa wa kutoka kwako."

"Kwangu wapi?"

"Nyumbani kwako. Ni mkamwana wako, Tumpe. Anatoka damu."

Dk. Asajile aliinuka. Alipita ukumbini karibu anakimbia, lakini alipofika kwenye mlango wa chumba cha dharura alisimama, akafanya kile alichokifanya kwenye mlango wa nyumba yake asubuhi na jioni kwa miaka sita. Akakohoa.

Ndani kukasikika kishindo. "Mlazeni!" Subilaga alipiga kelele, akampita daktari na kuingia. "Mama wewe, lala! Unataka kuanguka?"

Daktari akageuka upesi, akauelekeza mgongo wake mlangoni. Alijua kilichotokea. Mwanamke yule, aliyeletwa juu ya machela akiwa hana nguvu ya kushika kikombe, alikuwa amesikia kikohozi cha baba mkwe, akajaribu kushuka apige magoti na kujifunika khanga usoni.

Ndivyo mwiko ulivyotaka. Mke wa mwana na baba mkwe hawaonani uso kwa uso, hawali pamoja, hawasemeshani. Baba mkwe akikaribia hukohoa, naye mkamwana hupiga magoti na kujificha. Mwiko huo ulikuwa wa mababu, na kwa miaka mingi watu waliuacha. Kisha zikaja zile siku ambapo mashine ziliokota sura za watu barabarani na kuziuza, mtu akajikuta anacheka kwenye tangazo la sabuni asiyowahi kuinunua, na mama aliyekwisha kuzikwa akawapigia wanawe simu kuomba hela. Watu wakajifunza kwa uchungu kwamba uso ni mali. Wazee wakaufukua mwiko majivuni, wakaupuliza, ukawaka tena. Tumpe alikulia ndani yake, na aliupenda. Hakuna aliyemlazimisha.

Subilaga alitoka nje, glavu zake nyekundu.

"Choo cheusi kama lami tangu Jumapili. Leo kimegeuka damu yenyewe. Wingi wa damu yake ni nne, Daktari. Nimemtundikia mfuko mmoja. Umebaki mmoja tu."

"Na Mbeya?"

"Ndio hao wako kwenye skrini."

Dk. Nzowa wa Mbeya alikuwa mwanafunzi wake zamani, mwanamke mwenye sauti kubwa na utani mwingi. Miezi minne iliyopita ndiye aliyekubali kumpokea Tumpe kwenye foleni yake, kwa barua tu, bila kumwona. Tumpe alikuwa amekwisha kumeza dawa za minyoo, za vidonda vya tumbo na za kuongeza damu. Mpira wenye kamera uliingizwa kinywani na mashine, uso ukiwa umefunikwa, haukuona kitu. Uliingizwa kwa chini, haukuona kitu. Palibaki katikati: utumbo mwembamba, mita kadhaa zilizojikunja gizani, mahali ambapo mpira haufiki. Huko kunafika kiwavi peke yake, kijimashine kinachotambaa tumboni kikiongozwa na mtu. Na katika mkoa mzima, madereva wa kiwavi walikuwa wawili: Nzowa na baba mkwe wa mgonjwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Uko wapi?"

"Niko nyuma ya kilima ambacho jana kilikuwa juu na leo kimelala barabarani. Ndege ndogo hazipai kwa huu ukungu. Sifiki leo, mzee. Labda na kesho."

"Huwezi kuendesha ukiwa huko?"

"Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba haiwezekani! Utumbo unatembea. Mpaka ishara inifikie, mahali panapotoka damu pameshasogea, nitakuwa nakata ukuta." Kisha utani ukamtoka. "Mzee, ni wewe au jeneza."

"Kuna mwiko."

"Najua. Basi subiri azimie. Kwa damu hiyo hatachukua muda. Akizimia, sheria ya dharura inakuruhusu kuingia bila kumwuliza. Hata yeye hatakuwa na la kujilaumu."

Wazo lile lilikuwa limeshamjia Dk. Asajile mwenyewe ukumbini, na kulisikia kinywani mwa mtu mwingine kulimtia baridi.

*

Walivuta pazia la kijani kuzunguka kitanda. Ndani alilala Tumpe, na Subilaga amemshika mkono. Nje walisimama watatu: daktari, mkewe Mama Lusekelo aliyembeba mgongoni mjukuu wao Atupele, na Lusekelo, mume wa Tumpe, aliyelowa mvua mpaka viatu vinalia.

"Sista," daktari alianza, "mwambie mgonjwa kwamba barabara ya Mbeya imekatika."

"Amesikia, Daktari. Uko hatua mbili."

"Mwambie hata hivyo."

Subilaga akarudia. Ikaja sauti nyembamba, tulivu. Miaka sita daktari alikuwa ameishi nayo upande wa pili wa ukuta wa jikoni, ikiimba nyimbo za kanisani, lakini haikuwahi kuelekezwa kwake.

"Sista, mwambie Baba nashukuru. Mwambie hapana."

"Tumpe, utakufa!" Lusekelo alilia.

"Hilo nalo nimelisikia, Baba Atupele."

Mama Lusekelo akasogea karibu na pazia. "Binti yangu, mwiko una njia ya kufunguliwa. Ng'ombe wapo zizini. Tutachinja, wazee watakuja, yataisha."

"Si suala la ng'ombe, Mama. Sista, hebu niambie wewe unayelijua. Akivaa lile taji la kuendeshea kiwavi atasikia nini?"

Subilaga aliangalia pazia kana kwamba daktari angemsaidia kutokea upande wa pili. Alikuwa mtu wa kweli, akasema kweli. Kiwavi ni kidogo, kinatosha kwenye kifundo cha kidole. Ni laini, kina jicho, taa na kitanzi cha waya mwembamba. Viwavi vya kwanza vilijiendesha vyenyewe, vikakata utumbo usio na ugonjwa kwa kudhani kunyanzi la utumbo ni kinyama kilichoota. Kitu kisichoumia hakiogopi kukata. Ndipo wakaviunganisha na binadamu: dereva huvaa taji la nyaya, na kile ambacho mwili wa mgonjwa unasikia, naye anakisikia. Akivuta vibaya, anaumia yeye.

"Njaa yangu ataisikia?"

"Ndiyo."

"Na hofu?"

"Mwili unavyoshika hofu, ndiyo."

"Na akivua, vinamtoka?"

"Havitoki vyote. Kitu kidogo hubaki."

Dk. Asajile alijua kinachobaki. Kati ya wagonjwa wake wa zamani, alikuwa na mchuma chai mmoja ndani yake, asiyependa harufu ya ndizi mbivu, na mchungaji mstaafu ambaye jino lake lilimuuma yeye kila asubuhi ya baridi.

"Basi sikilizeni," Tumpe alisema. Pumzi zilikuwa zinakatika, akawa anaokota maneno moja moja. "Miaka sita kichwa changu kiko ndani ya khanga, ndani ya nyumba yake. Sijanung'unika. Hiyo ndiyo heshima yangu kwake, na yake kwangu. Leo anijue kuliko mume wangu anavyonijua, naye hajawahi kuniona? Aanzie matumboni? Anayeingilia dirisha la nyuma ni mwizi, Sista. Hata kama amekuja kuzima moto."

Mvua ilipiga mabati. Mashine iliyopima mapigo ya moyo ilikuwa inakwenda mbio, na kila mtu aliyekuwa mle alijua kwamba kadiri inavyokwenda mbio ndivyo inavyokaribia kuchoka. Lusekelo alimwangalia baba yake. Macho yake yalisema waziwazi: *Subiri. Bado kidogo tu azimie.*

Dk. Asajile alifumba macho. *Bwana,* alisema moyoni, *nikingoja anyamaze ili nisisikie hapana yake, nitakuwa nimemponya nani?* Akapata maneno ya kusema.

"Sista, mwambie sitasubiri azimie. Mwambie akikataa nitapiga magoti hapa hapa nje ya pazia, nimwombee mpaka mwisho, wala sitaingia."

"Una wazimu?" mkewe alimgeukia. "Mtoto huyu atalelewa na nani?"

"Mama Lusekelo, mwili ni wake."

"Baba, ni mke wangu!" Lusekelo alisema.

"Ni mke wako. Mwili ni wake."

Alianza kupiga magoti. Alikuwa mtu mzima, goti moja lilitoa sauti kama kijiti kinachovunjika, na ndani ya pazia sauti ile ilisikika. Kisha Tumpe akasema:

"Anapiga magoti kweli?"

"Kweli," Subilaga alijibu.

"Sakafu ile ni baridi." Akavuta pumzi. "Sista, fungua pazia. Kama ni lazima anijue, aingie kwa mlango wa mbele. Aone uso kwanza."

Kikohozi kilimpanda Dk. Asajile kooni, kwa mazoea. Akakimeza. Pazia likafunguka.

Alimwona mwanamke kijana, paji pana, macho makubwa yaliyozama kwa kukosa damu, yakimtazama bila kukwepa. Kisha akaiona midomo.

Ilikuwa na madoa. Madogo, meusi yenye ukahawia, yamesambaa kwenye midomo yote miwili kama mbegu za ulezi zilizomwagika, na moja limeingia ndani kuelekea shavuni.

Daktari alishika ukingo wa kitanda. Kila mwanafunzi aliyepita mikononi mwake alijifunza jambo hili siku ya kwanza: mgonjwa anayepoteza damu bila sababu kujulikana, kabla hujamgusa tumbo, mtazame midomo. Madoa ya namna hii ni ya kurithi, na anayezaliwa nayo huota vinyama kwenye utumbo mwembamba, vyenye mashina kama uyoga. Vinakwaruzwa na chakula, vinatoka damu pole pole miaka na miaka, na siku moja kimoja kinakua kupita kiasi kikararuka. Angeweza kuuona ugonjwa huu akiwa mezani na kikombe cha chai mkononi, tangu wiki ya kwanza bibi harusi alipoletwa. Angetambua hata kwenye picha. Lakini picha za Tumpe hazikutundikwa sebuleni, kwa heshima yake.

"Daktari?" Subilaga aliita.

"Leta taji," alisema. "Si kinyama kimoja. Vitakuwa vingi, na kikubwa zaidi kitakuwa juu, karibu na mwanzo wa utumbo. Tukishushe kiwavi kwa mpira mpaka mpira unapoishia, tusipoteze muda."

*

Kwanza ilikuja baridi. Alipolivaa taji, baridi ya mtu asiye na damu ilimpanda kutoka kwenye vidole vya miguu, meno yake yakagongana. Kisha kiu. Kisha kule kuelea kichwani, ambako alikufahamu kwa jina la kitabuni tu, kizunguzungu, na sasa alitambua kwamba Tumpe alikuwa akipika, akifua na kuchota maji ndani ya kuelea huko miaka yote.

Mpira ulishusha kiwavi, ukatolewa, nacho kikawasha taa. Kuta za utumbo zilikuwa zimepauka kama kitambaa kilichofuliwa mno. Kinyama cha kwanza kilikuwa kidogo kama punje ya mtama; akakipita. Cha pili, cha tatu. Vilisimama kwenye mashina yao vikiyumba na mawimbi ya utumbo. Kisha jicho la kiwavi likawa jekundu, halafu jeusi, asione kitu.

"Nimefika," alisema. "Damu imejaa. Sioni."

"Shinikizo linashuka," Subilaga alisema. "Natundika mfuko wa mwisho."

Kwenye skrini ya ukutani Dk. Nzowa aliinama mbele. "Mzee, rusha maji, usafishe."

"Nimerusha. Inajaa tena kabla sijaona."

Akasogeza kiwavi kwa kupapasa. Kikagusa kitu kikubwa, kizito, kama nyanya inayoning'inia. Hicho ndicho. Kilikuwa kimeuvuta utumbo ukaanza kujiingiza ndani yake wenyewe, kama mkono wa shati uliogeuzwa nusu. Alifungua kitanzi cha waya, akakipitisha kwa kubahatisha, akakikaza kidogo.

Hapa ndipo penye mtego. Utumbo hausikii kisu. Unaweza kuuchoma mtu asijue. Unachosikia ni kuvutwa. Kitanzi kikishika shina peke yake, ukivuta taratibu mgonjwa hasikii kitu. Kikishika shina pamoja na ukuta, anasikia maumivu ya kuvutwa ndani kabisa, na hapo ukikata umetoboa tumbo. Kwa hiyo dereva asiyeona huvuta kidogo, husikiliza.

Alivuta kidogo, akasikiliza. Alisikia ukuta wa jiwe.

Tumpe alikuwa amejikaza mwili wote. Tumbo, mapaja, taya. Mwili uliokazwa hivyo unasema neno moja tu, mwanzo mpaka mwisho, na neno hilo linafunika mengine yote. Hapo mlangoni mwa chumba cha jirani mzee mmoja, mgonjwa wa kifua, alikohoa. Ndani ya taji Dk. Asajile alihisi magoti yakimlegea, shingo ikiinama, mkono ukitafuta khanga. Hayakuwa mawazo. Ilikuwa ni mwili tu, umefundishwa. Akajua basi kikohozi chake kilivyokuwa kinafika upande wa pili: asubuhi, magoti sakafuni, kuinuka, dunia kuzunguka, jioni, magoti sakafuni tena. Na kila mara kujizuia asigune, kwa kuwa mkwe yupo karibu.

Alikuwa akijizuia hata sasa. Alikuwa anamstahi.

"Shinikizo, Daktari!" Subilaga aliita.

"Kata, Baba!" Lusekelo alisema.

"Usikate, mzee," Nzowa alisema. "Kama hujui umeshika nini, usikate."

Dk. Asajile alifungua macho, akamgeukia mgonjwa. Hakumtumia nesi.

"Tumpe."

Mama Lusekelo alishika mdomo. Jina lile halikuwahi kutoka kinywani mwa mumewe.

"Tumpe, mwanangu. Unajizuia kwa ajili yangu. Usijizuie. Ukiumia, lia. Piga kelele. Nitukane ukitaka. Nahitaji kusikia."

Machozi yalimtoka mwanamke yule yakaingia masikioni. "Siwezi, Baba. Sijui jinsi ya kufanya mbele yako."

"Nami sijui. Tujifunze sasa hivi."

Akatoa pumzi ndefu. Taya likalegea, kisha mabega, kisha tumbo. Daktari akavuta kitanzi kidogo.

Tumpe alipiga kelele. Ilikuwa kelele ya miaka sita, ilitoka hadi ukumbini, na mtoto mgongoni kwa bibi yake akaangua kilio. Maumivu yalimkata Dk. Asajile kitovuni akajikunja. Ukuta! Alikuwa ameshika ukuta. Kama angekata, angemuua kwa mkono wake.

Akalegeza kitanzi. Akakisogeza kuelekea kwenye kile kizito, upana wa unywele, akakaza upya.

"Sasa?"

"Bado kidogo," Tumpe alinong'ona. "Inavuta kwa upande... huku kushoto."

Akasogeza tena.

"Sasa?"

Tumpe aliusikiliza mwili wake. "Hapana kitu," alisema, kwa mshangao. "Sisikii kitu, Baba."

Naye hakusikia kitu. Akakaza mpaka mwisho, akaunguza, akakata.

Jicho la kiwavi lilibaki jeusi. Wote walisubiri. Kisha likawa jekundu. Likawa la waridi. Mbele ya taa, kisiki kidogo cheupe kilikuwa kimefungwa vizuri, hakitoi hata tone, na utumbo uliokuwa umejigeuza ulikuwa unajinyoosha taratibu.

"Bwana asifiwe," alisema Subilaga, akakaa chini sakafuni na glavu zake.

"Mzee," Nzowa alisema kutoka ukutani, huku anapangusa pua, "ukistaafu, mikono uiache hapo hospitali."

*

Jioni mvua ilikatika. Tumpe alikuwa ameinuliwa kwa mito miwili, anakunywa uji, khanga iko mabegani. Subilaga alikuwa anaandika dawa. Mama Lusekelo na mwanawe walikaa upande mmoja wa kitanda, na Nzowa alikuwa bado kwenye skrini, kwa kuwa alisema haondoki mpaka amwone mgonjwa akila.

Dk. Asajile alifika mlangoni akasimama. Katika chumba cha jirani yule mzee wa kifua akakohoa, na magoti ya daktari yakalegea kabla hajajua. Alishika mwimo wa mlango. Hicho basi ndicho kilichobaki ndani yake, na kingebaki mpaka kaburini.

Akabisha kwa vidole.

Tumpe aliweka kikombe chini, mkono ukaruka kwenye khanga, ukaishia njiani. "Karibu," alisema.

Aliingia, akamweleza yote, akimtazama. Kwamba vinyama vingine bado vimo, vitatolewa kidogo kidogo, na vitaota tena, kwa hiyo kiwavi kitashuka kila baada ya muda maisha yake yote. Kwamba madoa ya midomoni ndiyo alama yake.

"Mama yangu alikuwa nayo," Tumpe alisema. "Alikufa kwa kukosa damu. Tuliambiwa ni kulogwa." Akamnyooshea mikono mtoto, akapewa. Alimfungua mdomo kwa kidole gumba. "Na huyu?"

"Huenda amerithi, huenda hakurithi. Ni nusu kwa nusu. Kwa umri wake madoa yanaweza kuwa bado."

"Nani atakayemtazama?"

Mama Lusekelo alikohoa kidogo, kikohozi cha kawaida cha mtu anayetaka kusema, na akaona mumewe na mkamwana wakishtuka kwa pamoja. Akamfunika mjukuu miguu.

Dk. Asajile alivua koti la kazi, akalikunja, akaliweka kitini. Jambo hili hakutaka liwe la daktari. Akasimama penye miguu ya kitanda, pale wote walipoweza kumwona, hata yule wa ukutani.

"Mama Lusekelo, sikia. Lusekelo, sikia. Sista, na wewe Nzowa, muwe mashahidi, na Mungu awe shahidi kuliko ninyi. Ng'ombe nitamtoa, wazee watakuja, kila kitu kitafanywa kwa utaratibu. Lakini neno nalisema leo. Tumpe, mwanangu, kuanzia leo sitakohoa tena mlangoni pangu. Nitabisha, nitakuita kwa jina lako, na utanijibu umekaa. Na kila asubuhi, kabla sijaenda kwa mgonjwa yeyote, nitautazama uso wako na midomo ya mtoto huyu."